Beberu wa Mkunya na Vidonge vya Presha

Anastasia Nikolao alikuwa amekwisha kusoma miaka miwili kabla baba yake hajamwuliza kwa undani anasomea nini. Mpaka siku hiyo neno "mifugo" lilikuwa limetosha. Mwalimu Nikolao alikuwa mwalimu wa kanisa pale Lupaso, Mwanglikana wa kizazi cha tatu, mtu wa kanzu safi Jumapili na kaptula ya kaki siku nyingine zote, na kwake mifugo ilikuwa jambo la heshima lililomo hata ndani ya Biblia. Lakini Septemba ya mwaka 1994 bintiye alirudi kutoka chuo cha Morogoro na sanduku la bati lenye hadubini, chupa thelathini na barua yenye mhuri. Mzee akaichukua barua ile na kuisoma kwa sauti, kama anayesoma somo la kwanza kanisani.

"'Njia za ayoni za kalsiamu katika mbegu za kiume za mbuzi wa Uwanda wa Makonde.'" Akavua miwani. "Njia za nini, mwanangu?"

"Ni kama milango, baba," alisema Anastasia, akitazama vidole vya miguu yake. "Milango midogo sana, haionekani kwa macho. Iko kwenye mkia wa kitu fulani kidogo cha mbuzi. Ikifunguka, madini yanaingia na kile kitu kinapata nguvu. Mimi nachunguza inafungukaje."

"Milango," alisema mzee, akishukuru kupata neno ambalo angeweza kulitamka mbele ya watu.

Jumapili, baada ya kutangaza ndoa, akawaambia waumini kwamba binti yake amerudi, anasomea milango, na barua ya serikali anayo. Jumatatu asubuhi walikuja watu wawili. Mmoja alishika bawaba zilizong'oka. Wa pili aliuliza kama fremu za mninga zingekuwa tayari kabla ya mvua. Anastasia alizikaza zile bawaba kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza, na Jumanne akapanda gari la idara ya mifugo kwenda Newala.

Safari ile ilitokana na neno moja la profesa wake, nalo ni "huenda". Mbuzi wa juu ya uwanda hukaa siku nyingi na maji kidogo, maana maji yenyewe ni ya kupandisha kutoka bondeni au ya kuvuna wakati wa mvua. Mnyama anayekunywa kidogo, alisema profesa, chumvi za mwilini mwake haziwi kama za mbuzi wa Morogoro anayelala karibu na mto. Huenda basi na ile milango kwenye mikia ya mbegu zake hufunguka kwa namna nyingine. Huenda. Mtu akatumwa kilomita mia kadhaa.

Kila aliyeulizwa beberu mzuri yuko wapi alijibu: Mkunya, kwa Mzee Swalehe, na beberu mwenyewe anaitwa Soko Huria.

Swalehe alikuwa mtu wa miaka hamsini na saba, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Zamani alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kwenye mikutano yeye ndiye aliyepiga kelele "Mabeberu!" na watu wakajibu "Zii!" Ilipokuja miaka ya ruksa, alipoona wafanyabiashara wanakuja wenyewe na magari yao kununua korosho na duka la mitumba linafunguliwa Newala mjini, hakupoteza muda kuomboleza. Beberu wake mkubwa, ambaye hakuna ua uliomzuia wala mbuzi jike wa kijiji aliyemkosa, akampa jina la mambo mapya.

"Shikamoo, mzee," alisema Anastasia.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye bibi mifugo? Wamesema unataka maji ya Soko Huria."

"Ndiyo, mzee. Kidogo tu, mara mbili kwa wiki. Hataumia."

"Kuumia?" Swalehe alicheka. "Huyo? Utaumia wewe."

Aliyekuja kumshika jike alikuwa mke wa Swalehe, Stamili, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyekuwa na cherehani kibarazani na sindano tatu zimechomekwa kifuani mwa gauni. Swalehe alikuwa amemwoa miaka miwili nyuma, baada ya kufiwa na mama wa watoto wake. Stamili naye alikuwa mjane. Hakuuliza maswali. Alimfunga jike anayetaka dume kwenye nguzo, akakunja mikono, akangoja.

Njia yenyewe ni hii, na Anastasia aliieleza bila kupepesa macho: beberu akimpanda jike, mtaalamu aliyepiga goti ubavuni hugeuza mambo yakaingia kwenye bomba la mpira lenye kuta za maji ya vuguvugu, na mwisho wa bomba kuna kichupa. Chuoni alilifanya hilo mbele ya wanafunzi sita. Mkunya alilifanya mbele ya akina mama ishirini na wawili waliokuja wakisingizia kuomba moto.

Alidhani wangeona aibu. Hakuna aliyeona aibu. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja ambaye kwa miaka arobaini ndiye aliyewafunda mabinti wa Mkunya unyagoni, na yeye alitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi wa fundi mwingine.

"Mwali huyu kachezwa wapi?" aliuliza.

"Wa Lupaso huyo, bibi."

"Ndiyo maana. Mkono uko mbali, mwanangu! Msogelee!"

Mara ya kwanza maji ya bomba yalikuwa ya baridi mno. Soko Huria alishuka, akamtazama Anastasia kwa dharau, akaenda kutafuna kona ya daftari lake la utafiti. Mara ya pili yalikuwa ya moto, na beberu akapiga teke beseni likavingirika hadi kwenye mikorosho. Kabla ya mara ya tatu Stamili aliliinamia beseni, akachovya kiwiko kwenye maji, kama mtu anayepima maji ya kuogeshea mtoto mchanga. "Sasa," alisema. Na sasa ikawa kweli. Jambo lote lilikwisha kabla Anastasia hajavuta pumzi, na akina mama wakapiga vigelegele kama harusini.

Mbegu hazitakiwi kupoa. Anastasia akakitia kichupa kifuani ndani ya khanga na kukimbilia mezani alikokuwa ameipanga hadubini, kioo chake kimeelekezwa kwenye jua. Akadondosha, akafunika, akazungusha. Wapo. Wamejaa, wanasukumana.

"Mzee, njoo uone."

Swalehe alifunika jicho moja kwa kiganja, akainama. "Lahaula! Hawa wote ni wa Soko Huria?"

"Hilo ni tone moja tu, mzee."

"Newala nzima haina watu namna hii. Wanakwenda wapi?"

"Hawajui wenyewe. Sasa tazama huyu hapa katikati, mkia unavyopiga kama mjeledi. Kwenye mkia kuna milango. Kalsiamu, yaani yale madini ya kwenye mifupa na maziwa, ikiingia kwa milango hiyo, mkia unapiga kwa nguvu. Bila nguvu hiyo hawezi kulitoboa ganda la yai."

Akamwekea kioo cha pili, chenye maji yasiyo na kalsiamu, ambamo mbegu zilikwenda polepole. Kisha cha tatu. Swalehe alikitazama kwa muda.

"Hawa wamechoka."

"Hawakuchoka, mzee. Milango imefungwa. Nimetia dawa."

"Sumu?"

"Hapana, dawa ya kawaida kabisa," alisema Anastasia, na furaha ya mwalimu aliyepata mfano mwepesi ikamponza. "Hii hii wanayomeza wagonjwa wa presha."

Stamili, aliyekuwa akimfungua jike kamba, aliinua kichwa. Swalehe hakuinua chake. Alibaki ameinama pale, jicho kwenye hadubini, mpaka mtu wa nyuma yake akaanza kulalamika kwamba zamu yake inapita.

"Vidonge vyekundu?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Anastasia hakuwahi kuisikia kwake.

"Rangi inategemea kiwanda, mzee. Lakini kwa mtu—"

Hapo bibi wa unyago alimsukuma Swalehe kwa bega, akina mama wakafuata, na yale maneno ya baada ya "lakini" hayakupata wa kuyasikia. Nitamweleza kesho, Anastasia alijiambia. Kesho yake Swalehe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda shamba. Keshokutwa vilevile. Halafu Anastasia akazama kwenye vichupa vyake, akasahau.

Isaka, tabibu wa zahanati ya Mkunya, alikuwa mtu mnene mwenye subira ndogo na baiskeli kubwa. Jumatatu ya wiki iliyofuata aliona mambo mawili. La kwanza, wagonjwa wake wa presha walikuwa kumi na wanne, na siku hiyo ya kliniki walifika wawili, wote wanawake. La pili, kwenye benchi nje walikaa akina mama kumi na mmoja ambao waume zao, kwa bahati ya ajabu, wote walikuwa wamepatwa na presha wiki hiyo hiyo.

"Umejuaje ana presha?" alimwuliza wa kwanza.

"Anafoka."

"Ana umri gani?"

"Thelathini na mitano."

"Mlete nimpime."

"Hana nafasi, daktari. Wewe nipe tu, nitamtilia kwenye uji."

"Kwa nini kwenye uji?"

"Hapendi dawa."

Isaka aliweka kalamu chini. "Mama, una watoto wangapi?"

"Tisa," alisema yule mama, na benchi zima likashusha pumzi kwa pamoja.

Waliokosa kwa Isaka walikwenda Newala mjini. Zamani vidonge vilitoka kwa serikali au havikutoka kabisa. Sasa palikuwa na duka la dawa la mtu binafsi kando ya mitumba, na mwenye duka hakuwa na desturi ya kuuliza mteja anaumwa nini. Vidonge vya presha vikaisha kwenye rafu. Wakati huohuo wanaume wa Mkunya waliokuwa na presha ya kweli walikuwa wakivitupa vya kwao chooni.

Isaka alipofika nyumba ya mwalimu wa shule ya Mkunya alikofikia Anastasia, jasho lilikuwa limemlowesha mpaka kwenye mkanda.

"Wewe ndiye uliyesema dawa ya presha inamfanya mtu mgumba?"

"Mimi? Sikusema hivyo!"

"Ulisemaje?"

Anastasia alirudia neno kwa neno. Kadiri alivyorudia, sauti ilizidi kufifia.

"Ndivyo ulivyosema," alisema Isaka. Akaketi juu ya sanduku la bati bila kukaribishwa. Alifuta uso, kisha akauliza kwa sauti ya mtu mwingine kabisa: "Lakini ni kweli?"

"Kwenye kioo ni kweli. Ila kipimo nilichotia ni kikubwa mara mamia kuliko kinachofika kwenye damu ya mtu aliyemeza kidonge. Ni kama kumwaga debe la chumvi kwenye chungu cha kisamvu halafu useme chumvi haifai kuliwa. Kwa watu, wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema huenda kwa baadhi inapunguza nguvu kidogo, na dawa ikibadilishwa hali inarudi. Bado hawajui vizuri."

"Hilo la mwisho usiwaambie."

"Nitawaambia," alisema Anastasia. "Kosa langu lilikuwa kusema nusu."

Isaka alikuwa amefungua mdomo kubisha, wakasikia mtu anakimbia. Alikuwa Stamili, khanga mkononi, mguu mmoja hauna kandambili.

"Daktari! Baba Somoe ameanguka huko kwenye mizani ya korosho. Alikuwa anabishana na mnunuzi, damu ikamtoka puani. Anasema anaona wanunuzi wawili, na wote wawili wanampunja."

Walimkuta Swalehe ameketi chini, ameegemea gunia, bado anabishana na wale wawili. Wakampakia kwenye mkokoteni. Zahanatini Isaka alimfunga mpira mkononi, akapampu, akasikiliza, akapampu tena kana kwamba haamini. Mia mbili na ishirini kwa mia moja thelathini. Akatoa kidonge na kikombe cha maji.

Swalehe akafunga midomo.

"Meza, mzee."

"Simezi."

"Utakufa."

"Nitakufa mwanamume," alisema Swalehe, meno ameyakaza.

"Utakufa tu," alisema Stamili. "Hilo lingine hawaandiki kaburini."

Anastasia alikuwa amesimama mlangoni. Hata mtihani wa mwisho haukumtisha namna ile. Alikuwa amekuja kutazama kitu kidogo kisichoonekana, na sasa mtu mzima alikuwa karibu kufa kwa ajili yake. Akaenda, akapiga goti kando ya kitanda.

"Mzee Swalehe, kosa ni langu. Nilikuambia nusu ya habari, nusu nyingine nikaiacha mdomoni. Meza leo. Jumamosi nitakuonyesha nusu iliyobaki kwa macho yako mwenyewe, na usipoiamini, hutameza tena, wala mimi sitakanyaga Mkunya."

Swalehe alimtazama, akamtazama mkewe, akatazama kidonge. Alikimeza kwa hasira, kama anayemeza tusi.

Jumamosi uwanja wa zahanati ulijaa watu kama siku ya chanjo. Soko Huria aliletwa kwa kamba. Mbele ya watu zaidi ya mia moja, wakiwemo shehe wa kijiji na wazee wawili wa kanisa, hakuonyesha wasiwasi wowote. Stamili alikuwa amekwisha kupima maji. Anastasia alipanga vioo vitatu. Cha kwanza bila dawa. Cha pili na dawa kipimo kile cha siku ile. Cha tatu na tone la dawa aliyoichanganya na kuichanganya na maji ya chumvi mpaka ikafikia kiasi kinachokuwamo kwenye damu ya mgonjwa. Hakueleza kitu. Aliwaacha wapite mmoja mmoja.

"Hawa wa tatu wanapiga mkia kama wa kwanza," alisema shehe.

"Hawa wamefundwa," alikubali bibi wa unyago.

Ndipo Anastasia alipoeleza, akiinua sauti. Alieleza kipimo, akatoa mfano wa chumvi na kisamvu. Akaeleza pia kile ambacho Isaka hakutaka kielezwe: kwamba kwa binadamu bado watu wanachunguza, na mwanamume mwenye wasiwasi amwone tabibu ambadilishie dawa, zipo za aina nyingi; asiache mwenyewe. "Na yale nisiyoyajua ni mengi," alimaliza. "Mimi ni wa mbuzi."

Yule mama wa watoto tisa aliinua mkono. "Kwa hiyo vidonge hivi havizuii mimba?"

"Si vya kutegemea hata kidogo, mama. Na asiye na presha vinaweza kumwangusha."

"Na mimi niliyemtilia mtu wiki nzima kwenye uji?"

Nyuma yake mwanamume mmoja alisimama taratibu. Wiki nzima alikuwa akijiuliza kwa nini kila akiinama kuokota korosho dunia inazunguka. Alikuwa amekwenda hadi kwa mganga wa Kitangari, akaambiwa ni jirani yake anamroga, na sasa yeye na jirani huyo walikuwa wamenuniana.

"Umenitilia nini?" aliuliza.

Uwanja ulicheka mpaka shehe akajifunika uso kwa kilemba. Jirani aliyenuniwa alicheka kuliko wote, kisha akaenda kumpa mkono yule aliyemdhania mchawi. Isaka, ambaye kwa mara ya kwanza katika wiki mbili alionekana ana furaha, akatangaza kwamba uzazi wa mpango upo hapo zahanatini, siku za Jumatano, kwa mke na mume, na hakuna haja ya kupitia kwenye uji. Jumatatu iliyofuata wagonjwa wa presha walirudi kumi na watatu. Wa kumi na nne alikuwa amesafiri.

Ilibaki shauri moja. Watu walipotawanyika Swalehe alibaki.

"Nimeamini kuhusu mbuzi," alimwambia Anastasia. "Lakini mimi nina pembe? Miaka miwili nimeoa, nyumba kimya. Nataka na wa kwangu watazamwe."

"Mzee, hilo ni la Daktari Isaka."

"Wote wawili. Yeye ana cheti, wewe una macho."

Isaka akamwambia ameze vidonge vyake wiki tatu bila kuruka siku, ndipo watazame, la sivyo atasema tena ni vile alikuwa ameviacha. Swalehe akakubali. Siku ilipofika alikuja yeye mwenyewe na kichupa ndani ya mfuko wa kanzu, na Stamili nyuma yake. Chumbani walikuwa wanne tu. Isaka aliweka tone chini ya hadubini ya zahanati, ile ya kupimia malaria, akatazama, akaguna, akampisha Anastasia. Anastasia, aliyekwisha kutazama mbegu za mbuzi elfu nyingi bila kusita, alijikuta amesahau jicho lipi huwa analitumia.

"Sema," alisema Swalehe. "Wapo?"

"Wapo, mzee. Wengi. Na wanakwenda vizuri."

"Kama wa Soko Huria?"

"Karibu sana."

Swalehe aliketi. Uso ulimkunjuka, akawa kama mtu wa miaka arobaini. "Alhamdulillahi," alisema, halafu fikra ikamfika, ikaonekana ikimfika, akamgeukia mkewe taratibu kwa huruma. "Basi, mama, labda ni wewe. Usiogope. Tutakwenda hospitali, Ndanda, popote."

Stamili alikuwa anatazama sakafu. Aliondoa sindano moja kifuani mwa gauni, akaichomeka tena mahali pale pale.

"Si haja ya Ndanda," alisema. "Nachoma sindano. Kila miezi mitatu, nikienda Masasi kununua vitambaa. Tangu mwezi tulipooana."

Isaka akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi. Swalehe alisimama, akatoka, kofia yake ikabaki juu ya kitanda cha wagonjwa.

Siku mbili alikaa bandani shambani, akila mihogo ya kuchoma na kuongea na mbuzi. Anastasia hakuweza kufanya kazi. Alikuwa na hakika kwamba baada ya kukaribia kumuua mzee wa watu sasa amemvunjia na ndoa. Alikwenda kibarazani kwa Stamili, akamkuta anashona kama kawaida, ila alikuwa ameshona mkono wa gauni upande usiofaa na anaufumua.

"Nisamehe, dada Stamili."

"Wewe ulitazama tu," alisema Stamili. "Mimi ndiye niliyenyamaza. Nilikuwa namwambia moyoni kila siku. Mdomo ndio haukufunguka."

Siku ya tatu Swalehe alirudi. Yaliyosemwa Stamili alimsimulia Anastasia baadaye, bila kupunguza. Swalehe alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ulikuwa unaogopa nini? Mimi ni mtu mbaya?"

"Hapana."

"Mzee sana?"

"Baba Somoe, mwaka ule wa kwanza nilivikuta vidonge vyako kwenye mtungi wa mbegu za kunde. Vya miezi miwili. Ukiniambia umemeza, kumbe unaviweka humo. Mimi nimeshazika mume mmoja mwenye kichwa kigumu, na watoto wawili nimewazika. Nikizaa tena nataka mtoto awe na baba. Sikuona kama wewe umekusudia kuwapo."

Swalehe alikaa kizingitini. Kuku wakampita wakiingia na kutoka.

"Zile kunde tulizipanda," alisema mwishowe.

"Tulizipanda. Hazikuota."

Alianza kucheka yeye. Stamili akajizuia, akashindwa. Walipomaliza kucheka, akamwambia sharti lake: mwaka mzima wa vidonge, mbele ya macho yake, bila kuruka siku. Akiumaliza, yeye Masasi atakwenda kwa ajili ya vitambaa tu. Swalehe akalia kwamba mwaka ni mrefu, mahakama haifungi hivyo hata mwizi wa kuku. Stamili akasema basi na azae na Soko Huria. Wakakubaliana mwaka.

Anastasia aliondoka Novemba, mvua za kwanza zilipoanza kugonga mabati. Morogoro alikaa na hesabu zake muda mrefu, akazipitia mara tatu, na jibu likawa lile lile: milango ya mbegu za mbuzi wa Mkunya hufunguka na kufungwa sawasawa kabisa na ya mbuzi wa Morogoro. Profesa alisema hakuna tofauti nalo ni jibu, ingawa alilisema akitazama dirishani. Kwenye ukurasa wa shukrani Anastasia aliwataja Isaka, Swalehe, Stamili na Soko Huria, na ofisi ya chuo ikamwandikia kuuliza huyo wa mwisho ana shahada gani.

Barua ya Isaka ilifika katikati ya mwaka 1996. Presha ya Swalehe, aliandika, ni mia na arobaini kwa tisini, na tangu Novemba sharti limekwisha lakini bado anameza, tena kibarazani, kwa sauti, wapita njia waone. Stamili ana mimba ya miezi mitatu. Swalehe anasema ni mtoto wa kiume. Stamili hasemi kitu, anakula ming'oko ya kuchimba porini na kumtuma mumewe maji. Presha yake naye inapimwa kila wiki, iko sawa. Mwisho aliomba, kama chuo kina ziada, boksi moja la vioo vya slaidi, maana vya zahanati vimevunjika.

Anastasia aliisoma barua ile akiwa amesimama koridoni, akaenda stoo, akafunga maboksi mawili.